Visanamu vya Bunju

Jumatatu, 4 Agosti
Kuna watu wamezaliwa na roho nzuri. Hyder hayumo. Juzi, sebuleni kwake Kinondoni, tunapochezaga mchezo wetu wa vita vya mezani kila Jumamosi, ametangaza sheria mpya: ligi ya Septemba, asiye na jeshi la visanamu hachezi. Akanitazama mie! Yeye visanamu analetewa na mjomba wake wa Dubai. Jeshi langu mie ni vizibo vya soda na ng'ombe mmoja wa plastiki, ndiye jemadari. Halijawahi kushinda. Ila lina nidhamu.

Habari njema: Isack, mwenzetu wa tatu, kapiga simu. Kaona maboksi ya visanamu Mbagala, kwenye lile duka la vitabu lenye matawi mji mzima. Askari wa plastiki, kimo cha kidole gumba. Na joka lenye mabawa! Dar hii hii! Nimemwapisha asimwambie mtu.

Jumanne, 5 Agosti
Ofisini nimeaga kwamba jino linauma. Kutoka Segerea hadi Mbagala, asubuhi yote imeisha. Muuzaji akasema ndiyo, walikuwa nayo. Waliyaweka rafu ya Ndoa na Malezi, maana hakuna aliyejua ni vitu gani. Wateja wakalalamika. Yakahamishiwa tawi la Bunju. Bunju! Si wangesema tu Tanga.

Mke wangu Atuganile akauliza ni jino gani. Nikaonyesha la kulia. Akasema asubuhi lilikuwa la kushoto.

Jumatano, 6 Agosti
Jino bado. Bunju. Dada wa dukani, Rosalia, mwanakwaya, mpole, kanionyesha mwenyewe: maboksi matatu, katikati ya vitabu vya kilimo. Joka lipo! Nikaingiza mkono mfukoni. Mfuko ukanyamaza, mshahara ni mwisho wa mwezi. Nikaomba aniwekee. Akasema hapo hawamwekei mtu. Nikasubiri ageuke, nikayasukuma nyuma ya vitabu vya ufugaji wa nyuki. Kwa vumbi lile, havijaguswa tangu uhuru. Mie nina akili jamani. Inasikitisha tu hakuna wa kumsimulia.

Nikamsimulia Isack.

Alhamisi, 7 Agosti
Isack kamwambia Hyder! Anajitetea kwamba nilimwapisha kuhusu Mbagala, Bunju sikuitaja. Huyu alipaswa kuwa wakili. Kesho Nane Nane, Hyder anafunga duka lake la vipuri, lazima atakwenda. Fikiri, Gaspar!

Nimefikiri. Nimepiga simu dukani kwa sauti nzito, nikajitambulisha: Nabii Benjamin wa Temeke. Nikamwambia Rosalia nimeoneshwa joka limejificha nyuma ya vitabu vya nyuki, na atakayeliuza atajuta. Nikasikia anavuta kiti akae. Mpango uko hivi: hatamuuzia yeyote. Mwisho wa mwezi natokea mie, mwanaume asiyeogopa, najitolea kuyachukua. Pengine hata bure.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane
Nimekwenda kuhakikisha. Nyuma ya nyuki, patupu!

Rosalia kanisimulia huku kashika kifua. "Kaka, Mungu ana watu wake. Alikuja kaka mmoja wa Kihindi, mtaratibu, anaitwa Hyder. Akataka kununua. Nikamwambia kaka yangu, hivi siuzi, vina mambo. Akasema yeye haogopi, ataviondoa. Hela nikamkatalia. Nikampa na maji baridi."

Maji baridi! Mie nimekwenda mara mbili, hata kiti sijaonyeshwa.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda kwa Hyder midomo nimeibana. Maboksi matatu mezani. Mkewe, Lubaba, kaleta sambusa. Nikajiapiza sili. Nikala nne.

Kisha Hyder akasema, "Gaspar, ndugu yangu, anza wewe kuchagua. Moja lako, moja la Isack, moja langu. Ile sheria niliiweka kwa sababu mjomba aliahidi kuwaletea na nyie. Sasa safari yake imeahirishwa, nikabaki na aibu. Bahati nzuri haya yamepatikana."

Nikachukua la joka. Nilitaka kusema ahsante, kikatoka kikohozi. Kwa muda hivi nilijiona mdogo kuliko visanamu vyenyewe.

Tukacheza. Joka langu limekufa mzunguko wa kwanza. Limeuawa na nani? Na Hyder! Hapo nikaelewa kila kitu. Kanipa ili apate wa kumpiga.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemsimulia Atuganile. Akasema, "Baba Tupo, mtu kakupa joka, unataka akupe nini tena?" Nikamwambia mambo ya vita hayajui. Akasema na ya jino pia hayajui.

Joka ni zuri mno. Nimelifuta vumbi kwa mswaki wangu.

Lakini dharau haisahauliki. Mchana nabii kapiga simu Bunju. Kamweleza Rosalia, kwa uchungu, kwamba yule kaka hakuvitupa vile vitu. Kavipanga mezani nyumbani kwake Kinondoni, nabii kaelekeza hadi mlango, na kila Jumamosi anakaa navyo. Rosalia kaitisha kikundi chote cha maombi. Wanakuja Jumamosi saa kumi, na ndoo ya kuchomea. Akauliza wachome kipi, waache kipi. Nikamwambia chochote kitakachokuwa juu ya ile meza, wasibakize.

Mpango huu hauna tundu. Jumamosi nitawahi mapema, nilipange joka langu mbele kabisa, nipate kuona vizuri.