Sindano ya Mpira wa Kimbunga

Jumatatu, 11 Aprili 1983
Habari njema! Paskalina, mke wangu, kaisikia kwenye foleni ya sukari: timu ya Kimbunga wanataka nirudi. Sukari yenyewe hakupata. Jumapili wanacheza na Singe, timu ya kijiji cha jirani, na wakifungwa wanashuka daraja. Sasa wamenikumbuka!

Niliondoka Krismasi, siku ile kocha Wolfgang aliponinyang'anya filimbi mbele ya wachezaji na kunikabidhi ndoo ya maji. Mimi, kocha msaidizi wa miaka sita! Nikaenda zangu. Sindano ya kujazia mpira upepo ilikuwa mfukoni. Mpaka leo iko kwangu, na Babati nzima hakuna duka lenye nyingine.

Nataka kurudi. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Lakini sipigi hodi kwa mtu. Waje wao, tena na barua.

Jumatano, 13 Aprili
Nimepita uwanjani, eti nakwenda kuangalia mahindi. Mpira umelegea. Ukipigwa unatua kwenye tope na kukaa palepale. Nilicheka moyoni. Kisha nikamwona Marseli, fundi baiskeli, ameshika ndoo. Ndoo yangu! Sikucheka tena.

Wolfgang alinisalimia vizuri tu, akaniuliza kama nimewahi kuiona ile sindano. Nikasema labda panya. Panya! Sijui kwa nini nilisema panya.

Nimeona niwasukume kidogo. Nimemtuma Paskalina akaseme kisimani kwamba Singe nao wananitaka. Kaniuliza kama nina homa. Lakini kasema.

Ijumaa, 15 Aprili
Hakuna aliyekuja. Zimebaki siku mbili.

Juu ya hayo, msako wa walanguzi umefika mtaani kwetu. Jana mgambo walimpekua jirani, wakakuta vitenge chini ya kitanda, wakaondoka naye. Mimi nina miche mitatu ya sabuni niliyoletewa na shemeji kutoka Arusha. Miche mitatu ni ulanguzi? Nani wa kumwuliza? Nimeitia kwenye kopo pamoja na sindano, nikalifukia ndani ya gunia la mahindi. Kila mbwa akibweka nashtuka.

Jumamosi, 16 Aprili
Saa nne asubuhi nilichungulia dirishani. Watu watatu wanakuja. Mbele Elibariki, golikipa wa Kimbunga, ambaye pia ni mgambo, na gwanda lake. Nyuma Wolfgang na mwenyekiti wa timu, Mzee Salum, ameshika karatasi. Karatasi! Nikajua ni orodha ya wa kupekuliwa, na Wolfgang ndiye aliyenichoma. Nikamwambia Paskalina aseme nimekwenda Singe. Nikalichomoa kopo, nikatokea mlango wa nyuma mpaka chooni, nikalitumbukiza shimoni. Sabuni, sindano, vyote.

Nikiwa humo nilisikia kila neno. Mzee Salum alimwuliza Paskalina, Mama Bernadina, mwenzio yupo? Akajibiwa kwamba kaenda Singe. Halafu Wolfgang akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe ni kweli.

Ilikuwa barua. Paskalina aliisoma mikononi mwa Mzee Salum: naombwa nirudi, mazoezi leo saa kumi, na filimbi nitashika mimi. Elibariki alikuwa ametoka lindo tu. Na kwa kuwa karatasi siku hizi ni adimu, hawakuandika nyingine. Walikata jina langu palepale mlangoni, wakaandika la Marseli.

Nimekaa jikoni mchana kutwa. Roho inaniuma sana.

Jumapili, 17 Aprili
Marseli kachonga sindano kutoka kwenye kalamu ya wino. Mpira ukajaa. Kimbunga moja, Singe bila! Nilishangilia kwenye mvua nyuma ya goli, peke yangu, na machozi yakanitoka. Mashabiki wa Kimbunga wakaniambia nirudi kwetu Singe.

Wakati wanambeba Marseli juu juu, filimbi ilimdondoka kwenye tope. Nimeiokota. Iko hapa mfukoni. Filimbi ya chuma, Babati nzima hakuna nyingine.

Wiki hii watakuja tu, tena na barua. Ila nisionekane nina haraka. Nimeshamwagiza Paskalina: wakipiga hodi, aseme nimekwenda Singe.