Jiwe Nililokatazwa Kulilamba

Jumatatu, 3 Machi

Leo mama wa makumbusho kapita dukani kwangu. Habari nzito! Kabati jipya la kioo limebaki na nafasi moja, nayo ni ya jiwe lililochimbwa kwa mkono na mtu wa huku huku. Chini yake litaandikwa jina la aliyelipata. Atakuja kuchagua Jumapili.

Nimekosa utulivu tangu hapo. Toka utotoni natoboa mifuko kwa mawe. Yote mazuri niliyochimbua nimeyauza, na walionunua wameyaweka sebuleni kwao wakijisifu. Nataka jina langu likae mahali pasipouzwa kitu. Nataka sana.

Mpinzani ni mmoja: Lenzi, mwalimu mstaafu, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni hata msibani. Nimeshamwambia kwamba kilima kilichokatwa na katapila kina nyuki wakali. Uongo mtupu.

Shida ni kiapo. Mimi hutambua mawe kwa ulimi. Jiwe likilowa linatoa rangi yake, na mengine yana ladha. Juzi juzi tumbo likanilaza, daktari akauliza nimekula nini, mke wangu akanijibia. Nimeapa mbele ya watoto: silambi tena jiwe.

Jumatano, 5 Machi

Kilimani tangu asubuhi. Udongo wa kijivu, tundu dogo. Nikaingiza mkono hadi begani. Vidole vikagusa pembe. Pembe nyingi! Nikatoa fungu la vipande vya mraba vilivyoshikamana, ukubwa wa ngumi, safi hata unaona vidole vyako upande wa pili. Nani alizipigia rula pembe hizi humo gizani? Na alianza na ipi? Nikakaa chini kuwaza mpaka miguu ikafa ganzi.

Floraiti, madini ya pembe mraba, nimeamua. Ulimi uliniwasha. Nikauma meno. Dereva wa katapila akauliza nimepata nini, nikamwambia takataka tu, kisha nikavua shati kulifunika. Hapo ndipo akashuka kuja kuangalia.

Alhamisi, 6 Machi

Lenzi kaja amevaa wavu wa warina asali. Alikwenda kilimani kuwahamisha nyuki wasije wakaniuma, hakuona hata mmoja. Niliona haya. Kidogo.

Akaliona jiwe. Akalichungulia kwa kioo chake bila kuligusa, kisha akauliza taratibu:

"Umelilamba, ndugu yangu?"

Kumbe habari za tumbo langu zimefika mpaka kwake! Nikamwonyesha mlango. Akiwa kizingitini akasema nisilioshe kwanza. Nilimwelewa vizuri sana. Anataka mama wa makumbusho alikute na matope. Alipopinda kona nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, lilowekwe hadi kesho. Nitalala kwa amani.

Ijumaa, 7 Machi

Ndoo ina maji na tope. Jiwe hakuna!

Nimemtuhumu shemeji yangu anayekaa kwetu, akasusa chai. Nikaenda kwa Lenzi, nikapekua hadi chini ya kitanda chake, naye akanishikia tochi. Nilipochoka akaomba kuiona ndoo. Akachovya kidole, akalamba. Akajikalisha juu ya kreti la mawe.

"Chumvi hii," akasema. "Pale kilimani palikuwa na ziwa, likakauka kabla hatujazaliwa sisi na babu zetu. Pole, mzee mwenzangu."

Mke wangu naye akaonja, akasema inafaa mchuzi. Nikalia, sifichi. Cha ajabu Lenzi hakucheka. Alisema hajawahi kuona chumvi safi kiasi kile maishani mwake, akabaki ameikodolea macho ndoo.

Jumamosi, 8 Machi

Lenzi mwenyewe kanirudisha kilimani. Ndani ya tundu lile lile, ukuta wa nyuma, nimechimbua jingine! La manjano, linang'aa, pembe kali. Nikamuuliza kwa nini hachimbi lake. Akasema ananionea huruma. Njiani akasema ni salfa, akanisisitizia nisilipeleke karibu na moto, hata joto la mkono linaweza kulipasua. Nikaitikia. Ameshaanza wivu.

Jumapili, 9 Machi

Safari hii nimeerevuka. Maji hayataligusa! Ila bado lina unyevu wa udongo, na mgeni anakuja leo. Nimeliweka jikoni juu ya bati, moto mdogo kabisa, likauke polepole.

Limetoa mlio, ta! Litakuwa bati. Halafu kuna harufu, kama mtu amewasha njiti za kiberiti boksi zima. Majirani hawa! Lenzi amepiga simu mara kadhaa, sipokei. Mke wangu anakohoa, anauliza ninapika nini. Watoto wametoka nje.

Mama wa makumbusho kawahi, yuko sebuleni, kaziba pua kwa leso. Nimemwomba avumilie kidogo. Jiwe linakaribia kukauka, tena chini yake limeanza kuwaka mwanga wa bluu ambao sijawahi kuuona kwenye jiwe lolote.