Bata Aliyekufa Kabla Sijafika

Jumanne, 9 Julai 1996

Nimepata njia. Mzee Ayub wa Ngoingwa haingiliki kwa dini, kwa siasa wala kwa mpira. Nimejaribu yote matatu. Anaingilika kwa bata. Kila Jumapili alfajiri anabeba bunduki yake ya marisau, anatia leseni ya ndege mfukoni, anaendesha pikapu yake hadi bwawa la shamba moja la kahawa kule Ruiru kuwinda bata mwitu na mabukini. Mtu mzima, amestaafu vizuri, ana nyumba ya mawe, halafu anajikunyata kwenye matete akingoja ndege. Basi, kila mtu na ugonjwa wake. Mimi shida yangu ni binti yake, Ikhlas, mwalimu wa shule ya msingi. Barua yangu ya posa iko mezani kwao tangu Mei. Jibu: wanafikiria. Watu gani wanafikiria miezi miwili?

Sababu naijua. Inaitwa Irshad. Anauza sare za shule Ruiru mjini, naye amepeleka posa. Kijana mpole, anaongea kama mtu aliyeazimwa sauti. Kichwani hana kitu ila vipimo vya suruali.

Leo baada ya swala ya alasiri nilimvizia Mzee mlangoni pa msikiti, nikamwambia mimi nimewinda bata tangu utotoni. Akauliza wapi. Nikasema Mto Tana. Mto Tana ni mrefu, hakuna mtu atakayeukagua wote. Akaniangalia kidogo, akasema nije Jumapili. Kumbe Irshad naye kaalikwa! Tena alimwambia Mzee waziwazi kwamba hajui lolote kuhusu bata. Hivyo ndivyo watu wanavyojiharibia.

Alhamisi, 11 Julai

Maandalizi. Nimesikia wawindaji wa maana huweka majini bata wa bandia ili wale wa kweli washuke. Kazini kwangu, stoo ya nyuzi huku Eneo la Viwanda, koni za plastiki za kuviringishia nyuzi zikipasuka hutupwa tu. Nikaokota nane. Nikazijaza matambara, nikachomeka magunzi ya mahindi yawe vichwa, nikapaka rangi ya viatu ya kahawia. Ukiziangalia kwa mbali, huku umefinya jicho moja, ni bata kamili.

Nikazijaribu kwenye karai la dada yangu Mwanamisi, ambaye naishi kwake hapa Majengo. Zikalala ubavu, vichwa chini ya maji. Mwanamisi akasema naona hawa umeshawapiga. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Huyu hajawahi kuamini kitu chochote ninachofanya, na ndiyo maana bado anauza mandazi.

Jumapili, 14 Julai

Siku mbaya. Niandike kabla hasira haijapoa.

Ruiru ilikuwa na ukungu na baridi ya Julai ile ya kuingia kwenye meno. Nilivaa koti la mvua la kiwandani, la manjano, ili Mzee anione kwa urahisi. Aliniona. Akaniambia nilivue mara moja, kwa sababu bata naye ana macho. Nikabaki na shati. Irshad alikuja na sweta kuukuu la rangi ya tope, kwa kukosa ladha tu, akasifiwa.

Nikaomba bunduki. Mzee akasema leseni ina jina lake, na mkono mwingine hautaigusa bunduki. Hata ukiwa na leseni yako, mwanafunzi wake mwaka wa kwanza anajifunza kunyamaza, wa pili anajifunza upepo, wa tatu ndipo anashika bunduki. Sasa sisi tumeletwa kufanya nini? Kukimbia! Marisau mara nyingi hayamwui ndege, yanamwangusha tu. Lazima afikiwe akiwa bado na pumzi, achinjwe kwa bismillah, damu itoke. Ukimkuta amekufa, si halali kwetu. Magoti ya Mzee hayakimbii tena. Kwa hiyo mimi, karani mwenye cheti, nimepelekwa bwawani kufanya kazi ya mbwa, kwa vile Mzee hafugi mbwa.

Ndege aliyekufa mapema anapewa Dalmas, askari wa bwawa, mtu wa kutoka magharibi, ambaye dini yake haimbani upande huo. Alikuwa amesimama kwenye tuta na gunia tupu. Alinitazama miguu, akanitazama tumbo, akanisalimia kwa furaha nyingi, eti karibu sana ndugu yangu, uje kila wiki. Nilidhani ni adabu tu.

Niliwaweka bata wangu majini. Dalmas akasema kwao, Yala, bata wa bandia huelekezwa upepo unakotoka. Nikamwambia hapa si Yala. Bata wa kweli walikuja, wakazunguka mara moja juu ya koni zangu, wakaenda zao.

Kundi la pili Mzee alipiga. Irshad alimkimbilia mmoja, akarudi anahema, akasema, "Mzee, nimechelewa. Amekufa." Hivyo hivyo! Mbele ya watu! Akampa Dalmas. Nilimwonea haya.

Wangu alikuwa bukini. Hakuna aliyenieleza kuhusu bukini. Alianguka kwenye majani, nikamfikia wa kwanza, na yeye akasimama. Bawa moja limevunjika, lingine zima kabisa, akanichapa nalo goti. Mimi nilikuwa na kisu na yeye alikuwa na hasira. Nikarudi kidogo kwenye mistari ya kahawa ili nipange upya. Akanifuata. Nilipanga upya mistari mitatu. Irshad akamtupia lile sweta, akamkamata, bismillah, kwisha. Mzee akamwambia umefanya vizuri, kijana wangu. Dalmas peke yake ndiye aliyeniaga.

Jumatano, 17 Julai

Mafua. Goti limevimba. Lakini habari nzito: Ikhlas ametualika mimi na Irshad chakula cha mchana Jumapili, baada ya kuwinda. Kila mmoja ataletewa ndege aliyemchinja mwenyewe. Baada ya hapo ndipo jibu la posa litatolewa. Nisipochinja, nitakaa pale nikila bata wa Irshad na kumshukuru. Bora nife.

Jumamosi, 20 Julai

Mazoezi. Nilikimbia uwanja wa Majengo mara nane, kisu mkononi, nikisema bismillah kwa sauti kila nikifika golini. Waithira, anayeuza kuku sokoni, alikuwa anapita na kikapu. Akapiga nduru. Kufumba na kufumbua askari wa chifu wakafika. Nikawaeleza kuhusu bata. Wakanichukulia kisu, wakaniambia nikapumzike nyumbani. Kile kilikuwa kisu kizuri. Mwanamisi kaniazima chake cha vitunguu, ambacho hata kitunguu chenyewe hukishinda.

Jumapili, 21 Julai

Nitaandika yote, maana hapa hasomi mtu.

Asubuhi Mzee alipiga mara moja, bata mmoja akaanguka ng'ambo ya matete. Wangu! Nikakimbia. Nikaanguka topeni, nikaacha kiatu kimoja, nikafika. Bata alikuwa amekufa. Nikamtikisa. Nikampulizia puani. Nikamwita. Hakuna kitu, macho yamefungwa na shingo imelegea.

Mzee akauliza kwa sauti kutoka kule kwenye matete, yuko hai? Ulimi wangu ukajibu kabla yangu, "Yuko hai, Mzee!"

Basi nikachinja. Kisu cha vitunguu kilikataa. Nikakikokota huku na huku, damu haitoki hata tone. Halafu kikateleza, kikaingia kwenye kidole gumba changu cha kushoto. Damu hiyo! Ikamwagikia shingo ya bata vizuri kabisa, hata mchinjaji wa mjini asingefanya kazi safi vile. Nikaona ni msaada wa Mungu, na sikutaka kuuliza maswali zaidi. Nikafunga kidole kwa leso, nikakitia mfukoni.

Mzee alimpokea bata, akamgeuza, akaangalia shingo. Akaangalia mfuko wangu. Akasema umekuwa mwepesi leo. Irshad naye alimwahi mmoja na kumchinja. Tukaambiwa twende tukaoge, tukutane Ngoingwa baada ya adhuhuri.

Nilivaa kanzu mpya. Nyumbani kwa Mzee pananukia pilau mpaka barabarani. Ikhlas alileta sinia kubwa, akaliweka katikati, akasema hili ni la Yusuf, tutaanza nalo sote, la Irshad litafuata. Langu la kwanza! Nikamtazama Irshad ili aelewe. Ikhlas akanichagulia paja kwa mkono wake mwenyewe, akaniwekea mbele.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba paja lile ni mzoga.

Nikasema nimefunga. Mzee akauliza ni saumu gani ya Jumapili, na je, yale mandazi manne niliyokula pale bwawani? Nikasema nilikula kwa kusahau. Akasema, yote manne? Irshad akaangalia chini. Nikalishika paja, nikaliweka. Mimi nimesema uongo mwingi maishani, lakini mzoga sijawahi kuula, na nilijua sitauweza.

Ndipo Ikhlas akachukua kipande chake. Akakiinua polepole, akakishikilia karibu na mdomo, huku ananitazama. Iliniuma. Naandika tena: iliniuma. Mimi niwe chochote, lakini yule msichana ale haramu kwa sababu ya mdomo wangu, hapana. Na ilikuwa kazi ya maneno matatu tu, bata alikuwa amekufa. Irshad huyasema kama anavyosema habari ya asubuhi. Niliyatafuta nikayakosa.

Nikainuka, nikachukua lile beseni la maji tuliyonawia, nikalimwaga lote kwenye pilau.

Mchele ulielea. Ikhlas akarudisha nyama yake, akajifuta vidole, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo ninataka kuwaambia. Nikamwambia ndiyo, lipo. Beseni lao linateleza.

Jumatano, 24 Julai

Nimekwenda Ruiru kuchukua kiatu changu. Dalmas akaja mbio, akanishika mkono kwa mikono miwili, anashukuru kwa bata. Bata gani? Yule wa Jumapili. Anasema Mzee alimpa palepale, mimi nikiwa bado naosha tope, akamwambia kijana amejichinja mwenyewe na bata hajatoa damu. Mke wake Aoko alimpika na ugali, wakala nyumba nzima, wakaniombea dua.

Nikauliza, sasa kwenye sinia kulikuwa na nini? Akacheka. Mzee alimsimulia juzi. Ni jogoo. Jogoo wa nyumbani, Mzee alimchinja mwenyewe alipotoka bwawani. Lilikuwa wazo la Ikhlas, kuniletea jogoo kwa jina la bata wangu, ili waone nitasema nini.

Kwa hiyo nimemwagia maji machafu pilau halali! Na mbaya zaidi, nimedanganywa. Familia nzima, nyumba ya mawe, watu wa swala tano, wananitazama usoni na kuniambia jogoo ni bata! Hakuna tena uaminifu katika nchi hii. Mwanamisi aliposikia akauliza, wewe mwindaji wa Mto Tana hukujua paja la kuku? Dalmas naye ananiuliza nitarudi lini.

Ijumaa, 26 Julai

Barua imerudi. Posa yangu ileile, bahasha ileile, na karatasi fupi ya Ikhlas ndani. Amemkubali Irshad. Anasema habari ya bata angenisamehe, kila mtu hubabaika mara moja. Anasema alikishikilia kile kipande karibu na mdomo muda mrefu kadiri alivyoweza, akinisubiri.

Nimeisoma mara nne. Nimekaa kitandani na viatu mpaka Mwanamisi akaniletea chai na mandazi mawili, bila kunidai. Inaniuma sana. Sitaandika zaidi leo.

Jumapili, 28 Julai

Nimelala, nimefikiri, na nimeligundua kosa. Nilikuwa najilaumu bure. Mpango ulikuwa mzuri tangu mwanzo hadi mwisho, ila damu ilitoka mahali ambapo inaonekana. Mtu akiwa na leso kidoleni, hata mjinga ataunganisha. Na Mzee Ayub si mjinga, ni mtu wa kushuku tu.

Leo msikitini nimekaa karibu na baba yake Safaa, yule msichana wa Mugutha ambaye bado hajaposwa. Mtu wa heshima, macho yameanza kufifia kidogo. Ana leseni, na yeye huwinda kanga. Nimemwambia nimewinda kanga tangu utotoni, Mto Athi. Amefurahi sana. Tunakwenda Jumapili ijayo.

Jioni nimepita sokoni kwa Waithira. Alirudi nyuma hatua mbili aliponiona, lakini nilikuwa mikono mitupu. Nimemwomba aniwekee damu ya kuku kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ile ndogo inayoingia mfukoni. Akauliza kiasi gani.

Nikamwambia ajaze mpaka juu.