Alama Nilizoipa Kaunti ya Tarkett

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeingia Tarkett asubuhi, hakuna aliyeniona. Vilima vingi, watu wachache, maji ya chemchemi, barabara kuu iko mbali. Siku dunia itakapoharibika na watu wa mijini wakaanza kutafunana, hapa ndipo pa kujificha! Nimeipa kaunti hii alama tisa kwa kumi.

Masharti ya mke wangu Noreen ni haya. Nikae wiki nzima porini, nijitegemee, nisisaidiwe na mtu. Nikiweza, atatia saini tuuze nyumba yetu ya mjini St. Louis, tununue ekari zetu huku. Nikishindwa, mapipa yangu ya maharage yatoke gerejini, na habari za mwisho wa dunia zisisikike tena mezani kwake. Miaka minane ya kujiandaa, jamani, imewekwa rehani kwa wiki moja!

Nimepiga hema katikati ya msitu wa serikali. Dukani nilijiita Curtis, mtafiti wa ndege. Mwenye duka, Bi. Opal Strunk, mama wa miaka sabini hivi, aliniuliza nimeona ndege gani. Nikasema wa kahawia. Akaridhika.

Jumanne, 12 Novemba

Hakuridhika. Nimeamka nikakuta kikapu mlangoni mwa hema. Mayai ya kuchemsha, na mkate wa mahindi bado wa moto. Kwenye maficho yangu!

Nimeshuka dukani kulalamika. Bi. Opal akaniambia kwa upole kwamba mimi ni wa nne kuja kujificha msituni mwaka huu, na kwamba wote tunapenda ndege. Wa kwanza alikula uyoga mbaya akalazwa, ndiyo maana siku hizi wanatuwekea mayai mapema. Wanatuwekea! Kama sisi ni mbwa koko! Nikamwambia sihitaji cha mtu. Mayai nimeyala, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi.

Kuni zote mbichi. Tangu jana nimewasha moshi tu, moto sijauona. Kwa upande wa siri kaunti imenivunja moyo. Alama saba.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Gari limezama kwenye tope. Nikaanza kulichimba, kwa kujitegemea, na mara huyo hapo Vernon, mpwa wake Bi. Opal, juu ya trekta. Nani kamwita? Nikamwambia aniache, niko kwenye jaribio. Akasema sawa, akazima trekta, akakaa palepale anatafuna karanga na kunitazama. Kiherehere gani hiki! Nilichimba mpaka mikono ikafa ganzi, na gari likazidi kwenda chini. Mwishowe akashuka, akafunga mnyororo, akalivuta. Sikumshukuru. Kushukuru ni kukiri kwamba umesaidiwa.

Kabla ya kuondoka akauliza kama ule moshi ni wangu. Eti wazima moto wa kujitolea wametoka mara mbili kuutafuta. Akanishushia mzigo wa kuni kavu. Huo si msaada, ni usalama wa msitu. Siuhesabu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimedhalilika. Jumatatu niliandika kwamba huku watu ni wachache. Leo alfajiri nikaenda kwenye choo nilichokichimba kwa mikono yangu, nikachuchumaa, na sauti ikatoka juu ya mti. Vernon.

"Habari ya asubuhi, Gerald. Usikawie hapo, bwana, kulungu hupitia njia hiyo."

Gerald! Na mimi nilijiita Curtis! Kumbe leo msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa. Kila mti una mtu, kila mtu ana bunduki, na wote wamevaa rangi ya machungwa, ila mimi niliyevaa rangi ya majani makavu nisionekane. Vernon akanirushia kofia yake ya ziada. Akasema nivae, la sivyo nitaishia kwenye friza ya mtu. Nimeivaa. Uhai kwanza, jaribio baadaye. Alama nne, na hizo ni kwa huruma.

Jumapili, 17 Novemba

Noreen alikuwa aje hemani saa sita kunikagua. Nikanyoa ndevu, nikapanga maneno yangu. Hakuja. Nikashuka kumtafuta, nikamkuta ukumbini kanisani, kwenye chakula cha pamoja, amefunga aproni ya Bi. Opal, anagawa viazi! Wanaitana shoga! Kumbe Jumatatu ileile alipiga simu dukani kuuliza kama bado niko hai, akamwaga kila kitu pamoja na jina langu, na tangu hapo wanapiga soga kila jioni. Mayai anajua. Trekta anajua. Choo pia anajua.

Nikaona nimekwisha, mapipa yangu yamekwenda. Nikaanza kujitetea kwamba kuni zilikuwa za usalama wa msitu. Akanikatiza.

"Gerald, nitatia saini. Mahali ambapo mtu asiyejua kuwasha moto amekaa wiki nzima na hajafa, hapo nataka kuzeekea."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ekari, chemchemi, saini ya Noreen, yote niliyoyaombea miaka minane yamewekwa mkononi mwangu. Basi nikasimama nikawaambia ukweli: hapafai! Watu wanajua unapolala, unachokula na unapojisaidia. Siku ya maafa wote watakuwa mlangoni kwako!

"Ndiyo, mwanangu," akasema Bi. Opal. "Tutakuja. Kila mtu na sufuria yake."

Hawa watu hawaelewi hatari hata kidogo. Alama sifuri.

Jumatatu, 18 Novemba

Noreen kabaki. Yeye na shoga yake wamekwenda kuangalia shamba la ekari arobaini, na amesema nikichoka nijue pa kurudi. Nichoke mimi? Ng'o!

Naelekea kaunti ya pili, yenye watu nusu ya hawa. Safari hii ni siri, na sitapokea msaada wa mtu yeyote. Betri ilikuwa imekufa, Vernon ameichaji. Bi. Opal amenifungia nyama ya kulungu ya njiani. Kwa kuwa ramani yangu imelowa, Vernon amenichorea njia mpaka kwa binamu yake, ambaye ameshapigiwa simu na ananitandikia kitanda. Huko hakuna atakayejua kwamba nipo.