Jinsi Jumbe Behlul Alivyoliteka Paa la Khanzad

Tulieni, enyi wana wa milima! Anayetafuna jozi na ateme ganda, mwenye mtoto na ambembeleze, kwani nawaletea habari za Behlul mwana wa Kawes, jumbe wa Kanigwez, simba mwenye masharubu kama pembe za beberu, na za siku ile aliyokwenda vitani peke yake, bila upanga wala farasi, kulishambulia paa la mjane.

Asubuhi hiyo karani wa sensa alizunguka kijiji kizima akapata watu tisini na tisa. Ole wao! Serikali ilikwisha kunena: kijiji kisichotimiza mia hakitakuwa na jumbe wala muhuri, kitatiwa chini ya jirani yake. Na jirani wa Kanigwez kilikuwa kijiji cha Darawis, watu wa bondeni, mahasimu tangu enzi za mababu. Behlul aliwaona akilini watu wake wakishuka huko, kofia mikononi, kuomba muhuri wa kuozea binti zao.

"Wa mia yupo!" akanguruma. "Shangazi Khanzad!"

Naye Khanzad, aliyeishi peke yake juu kabisa ya kijiji, alipomwona karani anakuja alikwea paa lake, akaivuta ngazi juu, akaketi kama malkia ngomeni. Karani hakuruhusiwa kumwandika mtu asiyejibu kwa kinywa chake. Mawingu ya theluji yalikuwa yakikusanyika, na dereva wa karani alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Behlul akasimama chini ya ukuta, akaweka mkono kifuani. "Ewe nguzo ya Kanigwez, ewe mama wa mashujaa! Nchi inakulilia. Shuka uhesabiwe!"

"Mashujaa gani? Sikuzaa hata mmoja," Khanzad akajibu. "Na wanaohesabiwa ni kondoo. Nenda kahesabu wako, nasikia mbwa mwitu kakupunguzia."

Kicheko kikavuma kutoka mapaa yote, kwani huko paa la huyu ndilo ua wa yule, na kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kupata mahali pa kukaa.

Hapo shujaa akavua viatu, akaukabili ukuta. Alipanda jiwe kwa jiwe, huku turnipu alizorusha Khanzad zikimnyeshea kichwani kama mishale ya maadui, na kuku mmoja, jike katili asiyejua cheo cha mtu, akimdonoa vidole. Akafika ukingoni. Akatia kifua juu ya paa. Na papo hapo mshipi wake ukanasa kwenye boriti, akabaki akining'inia, nusu mshindi, nusu mateka.

Khanzad akachuchumaa mbele ya pua yake.

"Kiangazi ulipogawa zamu za maji nilikuja mlangoni kwako," alisema kwa sauti ya chini. "Uliniambia nini?"

Behlul alikumbuka, na masikio yakamwaka moto. Alimwambia kwamba zamu hupewa nyumba, na mwanamke mmoja si nyumba.

"Nyanya zangu zilikauka zikiwa na maua, Behlul. Leo mmoja amekuwa mtu?"

Yule bingwa wa hotuba akanong'ona, "Chukua zamu yangu ya Ijumaa, shangazi."

"Sema kwa nguvu. Uliponiita nguzo sauti ulikuwa nayo."

Basi akajaza mapafu, akatangaza hadi milima ikaitikia: "Maji yangu ya Ijumaa ni ya Khanzad!"

"Na mijozi yetu itakunywa nini?" mkewe Shilan akapiga kelele kutoka paa la tatu.

"Itakunywa mvua, mama watoto!"

Ndipo Khanzad akamnasua, akashusha ngazi, akashuka wa kwanza, taratibu, akajitengeneza ushungi mbele ya karani.

"Umri, mama?"

"Andika: mkubwa kuliko jumbe na masharubu yake."

"Nyumba hii ina watu wangapi?"

Khanzad aliwatazama watu wa mapaani, mmoja baada ya mwingine, kisha akamgeukia Behlul aliyekuwa bado anatweta juu ya ngazi.

"Mmoja," akasema. "Na uandike vizuri, isije ikafutika."

Vigelegele vikapasuka, zumari ikalia, gari likaondoka na mia kamili ya Kanigwez huku theluji ya kwanza ikianza kudondoka. Watu wakambeba Behlul mabegani, miguu mitupu, wakimwita mwokozi wa muhuri. Naye akapunga mkono kama wafalme wapungavyo, akiepuka tu kutazama upande aliosimama Shilan.