Mzungu wa Jikoni

Leo nimejiaibisha hapa shamba la chai la Boito, mbele ya wazazi wa nasari na watoto wao. Wacha niwaambie mwenyewe kabla video haijawafikia.

Kuna nyumba ya zamani ya meneja katikati ya majani chai. Iko tupu tangu nije hapa kuwa karani. Mwalimu Chelang'at aliomba afundishie watoto humo, maana saa hii anafundisha chini ya turubai, na mvua ya hapa mnaijua. Ofisi ilikubali. Wazazi ndio walikataa. Wanasema jikoni kuna mzungu aliyekufa zamani, na bado anapumua.

Nikasema nitachunguza. (Nani aliniomba? Hakuna.) Nimesoma sana habari za watu wanaochunguza nyumba zenye mapepo. Zamani, kabla ya kamera, walikuwa wanafunga uzi mlangoni na kumwaga unga sakafuni. Kama ni mtu anasumbua, uzi unakatika na nyayo zinabaki. Basi leo asubuhi nikafunga uzi, nikamwaga pakiti mbili za unga wa ngano. (Kabati sikufungua. Sikusoma mahali popote kuhusu kabati.)

Saa nane wazazi wakasimama uani kungoja majibu.

"Karani, fanya vizuri," Mwalimu akaniambia. "Wakikataa tena leo, mimi nafunga nasari narudi kwetu Sigor."

Nikaingia. Uzi mzima. Unga safi, hata panya hajapita. Nikafungua dirisha la jikoni nitangaze. "Wazazi, hapa hakuna kitu."

Nyuma yangu kitu kikapumua. Pssss. Kilikuwa ndani ya kabati.

Mchunguzi hakimbii, kwa hivyo nikafungua. Pah. Kitu baridi kikanipiga usoni. Nikaanguka kwa unga wangu mwenyewe, nikagaagaa, nikatokea dirishani nikipiga nduru kwa Kijaluo. Naambiwa nilikuwa naita mama.

Wazazi nao wakaona mzungu anaruka dirishani, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Wakatawanyika kwa majani chai na watoto mgongoni. Mwalimu peke yake alibaki, na alikuwa analia.

Ndipo soja anayelinda nyumba hiyo, Mzee Arap Koech, akaja polepole. Akapitisha kidole shavuni mwangu, akalamba.

"Hii ni mursik yangu," akasema kwa huzuni.

Kumbe anaficha kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, humo kabatini, kwa sababu kuna baridi na giza. Alienda likizo, maziwa yakachacha kupita kiasi, kifuniko kikachoka kuvumilia.

"Mzee, mbona hukuambia watu?"

"Ningesema, wangekunywa."

"Na huyo mzungu?"

"Huyo alikuwa ananichungia."

Mama mmoja akaanza kucheka huko kwa majani. Wakafuata wengine, na wakarudi mmoja mmoja kuniangalia vizuri. Mwalimu akapangusa macho, akaandikisha majina hapo hapo.

Watoto wanaingia Jumatatu. Kuna sharti moja tu kutoka kwa wazazi: karani asionekane karibu na dirisha.