Mzazi Aliyesimamishwa Mlangoni pa Stoo

Idara ya Majaribio,
Mlangoni pa stoo,
Alhamisi asubuhi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUSIMAMISHWA NIKIWA NA BIRIKA NA KUTOACHILIWA

Mkuu wa Majaribio ametangaza leo asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba zoezi la Jumanne limekwisha salama na hakuna mtu yeyote aliyebaki amesimama. Nilimsikia vizuri. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na alipomaliza kusema aliniegemea begani.

Natumaini umerudi salama safarini. Mimi sijambo, isipokuwa kisigino cha kulia, ambacho kiko juu tangu Jumanne. Naomba radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umeshika birika lililojaa maji. Mkono wa kushoto haukutajwa katika zoezi, kwa hiyo bado ni wangu.

Kwa kuwa hukuwepo, nitaeleza kama nilivyozoea nilipokuwa gazetini: nini kilitokea, nani alisema nini, na nani alikuwa wapi.

Unajua kwamba ofisi yetu inatengeneza programu ya kusaka hitilafu ndani ya programu nyingine. Wafanyakazi wanaiita Shangazi kwa sababu ya tabia yake. Humsimamisha mwenzake katikati ya kazi, humwuliza amebeba nini, ametoka wapi na nani kamtuma, kisha humruhusu kupiga hatua moja tu na kumsimamisha tena. Aliyesimamishwa hawezi kujiondoa. Anasubiri Shangazi aseme "endelea". Wateja wetu wamelalamikia jambo moja. Programu ikizaa programu nyingine ili kuitumia kama msaidizi, Shangazi humkimbilia mtoto na kumwacha mzazi amesimama pale pale. Baadaye hutoa taarifa kwamba kila kitu kiko shwari.

Mkuu wa Majaribio aliamua kwamba kabla ya kulijaribu jambo hili kwenye kompyuta, kwanza tulijaribu kwa watu. "Kompyuta haisemi inavyojisikia," alisema. Mimi, mwandishi wa taarifa za majaribio, nikapewa nafasi ya programu mzazi, na kazi yangu ilikuwa kuandaa chai ya kikao. Mhasibu akawa programu mtoto, ambaye ningemzaa pindi nitakapohitaji sukari. Nafasi ya Shangazi alipewa kaka wa mkeo, ambaye ofisi nzima inamwita Shemeji, na ambaye yupo hapa kwa sababu tunazozifahamu sote.

Sheria ilikuwa moja. Anayesimamishwa hatikisiki mpaka Shangazi amwambie endelea. Akijiachia mwenyewe, zoezi limeharibika na litarudiwa Jumamosi, kutwa nzima, na wafanyakazi wote.

Nikachukua birika.

"Simama hapo!" akasema Shemeji. "Umebeba nini?"

"Birika."

"Lina kitu au tupu?"

"Tupu."

"Haya, endelea. Hatua moja tu, usinikimbie."

Hivyo hivyo mpaka nikajaza maji. Nilipofika mlangoni pa stoo nikamzaa mhasibu, yaani nilimwambia, "Mama, hebu kaniletee sukari." Shemeji akapaza sauti tusimame. Tukasimama wote wawili, mimi kisigino cha kulia kikiwa juu. Akanitazama mimi, akamtazama mhasibu, akanitazama tena, kama mtu aliyeachiwa mbuzi wawili na kamba moja. Hatimaye akamwambia mhasibu, "Wewe endelea." Kisha akanigeukia: "Usitikisike mzee, narudi sasa hivi."

Akamfuata mhasibu. Sijamwona tena.

Nilichofanikiwa kukusanya tangu hapo ni hiki. Sukari ya stoo ilikuwa imekwisha. Mhasibu akamtuma dereva dukani, na Shemeji akamfuata dereva. Muuza duka naye hakuwa na sukari, akamtuma mdogo wake kwenye ghala la mji wa pili. Dereva anasema Shemeji alionekana mara ya mwisho akipanda lori pamoja na huyo mdogo mtu, huku akimwuliza amebeba nini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Birika. Ni la pekee ofisini, nami siwezi kulitua wala kulimimina, kwa kuwa kumimina ni hatua. Wafanyakazi hawajanywa chai tangu Jumanne na lawama zote nazibeba mimi. Katibu muhtasi alinijia na kikombe akasema, "Baba, si unidondoshee tu kidogo, nani ataona?" Nilipokataa akaenda kuwaambia wenzake kwamba cheo kimenipanda kichwani. Cheo chenyewe ni kushika birika.

2. Usafiri. Jumanne jioni mlinzi wa getini alinipandisha kwenye kile kitoroli cha kubebea mashine za kuchapa, akanisukuma hadi nyumbani. Sikupiga hatua hata moja na niko tayari kuthibitisha. Mke wangu alifungua mlango, akanizunguka kunikagua, kisha akasema: "Wenzako wakisimamishwa kazi wanakuja nyumbani wanakaa. Wewe umesimamishwa na kusimama unasimama kweli?" Nilimweleza utaratibu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisogeza karibu na dirisha, ambapo sizuii njia, na akaanika taulo kwenye mkono wangu wa kushoto. Jirani alipopita kutusalimia alimpongeza kwa kununua kitu kipya. Asubuhi mlinzi alinirudisha hapa kwa kitoroli kile kile.

3. Mali ya ofisi. Jana watu wa stoo walipita wakibandika namba kwenye vifaa vyote. Walipobandika birika, ukazuka ubishi juu ya mahali birika linapoishia.

"Huyu naye ni wa kwetu, au kaja na birika?" aliuliza mmoja.

"We bandika tu," akajibu mwenzake. "Wakimtaka watabandua."

Nina namba kwenye kiwiko. Matokeo yake ni kwamba siwezi kutoka getini bila kibali chenye sahihi yako. Jana jioni mlinzi alinisukuma vizuri mpaka getini, akazunguka mbele ya kitoroli, akajiomba kibali, akajinyima, akanirudisha. Simlaumu. Alifanya kazi mbili, na zote kwa uaminifu.

4. Ukoo. Kwa mujibu wa zoezi, mhasibu ni mwanangu, ingawa amebakiza miezi michache astaafu na ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa. Amelichukulia jambo hili kwa uzito. Jana mchana alikuja na kusema, "Baba, naomba ruhusa niwahi nyumbani, miguu imevimba." Sijui nina mamlaka gani, lakini siwezi kumnyima mtoto. Dereva ni mjukuu wangu, naye hanisalimii. Muuza duka, kitukuu changu, ana ndevu kunizidi. Alikuja jana kuniona, akakaa juu ya boksi, akaniuliza kwa adabu birika atarithi nani. Na huko kwenye mji wa pili, Shemeji yuko na kilembwe wangu, yule mdogo wa muuza duka, mtu ambaye sijawahi kumtia machoni na ambaye nasikia ameagiza mtu mwingine akamshikie foleni. Ndugu Mkurugenzi, nimekuwa babu wa babu kwa ajili ya sukari, na sukari yenyewe haijafika.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi hii saa kumi jioni binti yangu anaolewa. Ni mtoto wangu wa pekee, namaanisha wa kumzaa kweli, si wa zoezi. Tulikubaliana tangu siku aliyoleta habari kwamba nitaingia naye ukumbini tumeshikana mikono, tutembee kutoka mlangoni hadi mbele, polepole, kwa sababu yeye hutembea haraka akiwa na woga.

Alikuja jana kuniona. Alisimama hapa mbele ya stoo, akatazama kisigino, akatazama birika, akasoma namba ya kwenye kiwiko.

"Baba," akasema, "utaingia na mimi, au utaingizwa?"

Nikamweleza kwamba nikishusha kisigino, zoezi limeharibika na Jumamosi sote tutakuwa hapa kulirudia. Nisipokishusha, Jumamosi nitakuwa hapa peke yangu.

"Kwa hiyo vyovyote vile haupo."

Akaninyoosha kola, akabandua uzi kwenye bega langu, akaondoka.

Nimetafuta msaada kwa njia zote halali. Fundi wa kompyuta alikataa kuniambia "endelea", akisema yeye si Shangazi na hataki kesi. Nilimwendea Mkuu wa Majaribio, yaani nilimsubiri apite. Alisimama upande wa pili wa korido na kuzungumza huku anatazama ukuta. "Nikikuachilia," aliuambia ukuta, "nitakuwa nimekiri kwamba upo. Na taarifa iliyokwenda kwa Mkurugenzi inasema haupo. Sasa unataka mimi nionekane mwongo kwa sababu ya mtu ambaye hayupo?" Hoja yake nimeinukuu neno kwa neno ili nisimwonee.

Kwa hiyo, ndugu Mkurugenzi, kwa heshima na taadhima, naomba harusi ihamishiwe hapa.

Nimelipima jambo hili kutoka nilipo, maana sina pengine pa kulipimia. Yakiondolewa yale maboksi ya skrini mbovu, korido itaingiza wageni wa pande zote mbili wakikaa kiupande. Bibi harusi ataanzia kwenye mashine ya fotokopi na kunijia mimi, badala ya sisi kwenda pamoja. Mkono wa kushoto nitampa. Wa kulia utabaki na birika, na mpiga picha anaweza kuelekezwa.

Lipo tatizo moja ambalo nisingependa likukute hujajiandaa. Mahali hapa bado ni eneo la zoezi. Shemeji akirudi katikati ya shughuli, atawajibika kumsimamisha kila mgeni na kumwuliza amebeba nini. Wengi watakuwa wamebeba zawadi na hawatapenda kuzitaja mbele ya wenzao. Pia bwana na bibi harusi wakishafunga ndoa watakuwa wameanzisha kaya mpya, na kaya mpya, kwa sheria tulizopewa, ni mtoto. Shemeji hataweza kujizuia. Atawafuata fungate, na ukumbi mzima, pande zote mbili, na wapishi, na mpiga picha, na wewe mwenyewe kama mgeni wa heshima, mtabaki mmesimama mlangoni pa stoo pamoja na mimi. Itabidi Jumatatu kazi za ofisi zifanywe na watu ambao hawakualikwa. Naomba uanze kuwatafuta.

Kama haya yote yanaonekana makubwa, ipo njia ndogo zaidi. Itungwe sheria. Msimamo wangu ni mmoja na sitaubadili: mtu akimsimamisha mwenzake, asiondoke kumfuata mwingine kabla hajarudi kumwachilia wa kwanza. Haraka si sababu. Kusahau si sababu. Mtoto, awe wa zoezi au wa kweli, si sababu. Anayemwambia mtu mzima "usitikisike, narudi sasa hivi" kisha akapanda gari akaenda zake, huyo hafai kukabidhiwa hata birika.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto wote. Wasalimie idara ya mauzo, wasalimie wa stoo, wasalimie hata wale wa ghorofa ya juu ambao hupita hapa wakinitundikia makoti. Mwambie Mkuu wa Majaribio kwamba namsalimu pia, na kwamba anaweza kuipokea salamu hiyo bila kukiri ilikotoka.

Ni mimi, wima kama nilivyoachwa,

Mwandishi wa Taarifa za Majaribio
(Mzazi)

Baada ya sahihi: Shemeji amefika mchana huu akiwa na gunia la sukari begani na vumbi mpaka kwenye kope. "Mzee! Bado upo tu?" alisema. "Haya basi, endelea." Nikashusha kisigino. Kilitoa mlio ambao mhasibu aliusikia kutoka mezani kwake.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchemsha maji, lakini waya wa umeme wa birika ulikuwa kwenye chumba cha mikutano. Nikampa Shemeji birika anishikie, nikamwambia, "Usitikisike shemeji, narudi sasa hivi." Nikakipita chumba cha mikutano, nikabandua namba kiwikoni nikamwachia mlinzi, na nje ya geti nikakuta binti yangu ameegesha gari, akiwa amekuja na kibali cha kunitolea, tayari kuja kutafuta sahihi yako. Aliniona natembea. Akafungua mlango wa gari, na miguu yangu, ikiwa imezoea uhuru kwa muda mfupi hivyo, haikusimama. Maneno haya nayaandikia garini, kwa mkono wa kulia. Barua ataileta dereva.

Shemeji hajajua. Mwambie mkeo asimsubiri kwa chakula, na watu wa stoo wasimbandike namba. Mtu yeyote asimwachilie, maana zoezi litarudiwa Jumamosi na Jumamosi mimi nina shughuli. Nitarudi kumwachilia mwenyewe Jumatatu, saa mbili asubuhi, nikishawasindikiza maharusi.